Kipimo cha kifua kikuu: jibu la kweli linaanzia mu kikopo

Mtu anakohoa zaidi ya wiki 2. Anaenda kwenye kituo cha afya, wanamupa kikopo, anatema mate haraka haraka na kurudisha. Labo inatafuta, inaandika: hakuna mikrobu. Anavuka Lualaba kurudi kwake Alunguli na roho nyeupe, lakini usiku kikohozi kinaendelea mu chumba anamolala na watoto. Mikroskopi haikudanganya. Ilisoma kile ilichopewa.

Kongo ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kufuatana na OMS. Mwaka 2011, shirika hilo lilishauri labo zitumie mikroskopi ya fluoresensi yenye taa za LED. Makohozi yanapakwa kwenye kioo chembamba, yanatiwa rangi inayoitwa oramini, kisha yanaangaliwa chini ya mwanga wa buluu. Mikrobu inaonekana kama vijiti vidogo vya manjano vinavyong'aa kwenye giza. Kazi inaenda mbio kuliko kwa rangi nyekundu ya zamani, ya Ziehl-Neelsen, na wagonjwa wanaopatikana ni wengi zaidi kidogo. Taa hiyo inaweza kufanya kazi kwa betri, jambo kubwa pahali umeme unakatika.

Lakini mashine hiyo haiwezi kutengeneza makohozi mabaya. Ili mikrobu ionekane, inapaswa kuwa karibu 5.000 mpaka 10.000 mu mililita moja ya makohozi. Mate ya mdomoni hayana wingi huo. Mikrobu inakaa chini, mu mapafu.

Shida ya pili ni chakula. Mabaki ya wali ao sombe yaliyobaki mdomoni yanaweza kung'aa yenyewe, ao kushika rangi. Asiyezoea kusoma anaweza kuyahesabu kama mikrobu, na mtu akameza dawa za miezi 6 bure. Ndiyo maana msomaji anatazama umbo, si mwangaza peke yake.

Kuna pia mkono wa labo. Makohozi yakipakwa mazito sana, rangi haioshwi vizuri, kioo kizima kinang'aa na vijiti vinajificha. Yakiwa mepesi sana, mikrobu inapungua machoni. Na oramini inafifia kwenye mwanga: kioo kinapaswa kuwekwa gizani na kusomwa mapema, kama inawezekana siku ile ile. Kioo kilichoachwa kwenye meza karibu na dirisha kinaweza kutoa jibu la "hakuna" kesho yake, hata kama jana mikrobu ilikuwapo.

Mgonjwa afanye nini? Asukutue mdomo na maji safi mbele ya kukohoa. Asimame inje, kwenye hewa, mbali na watu. Avute pumzi ndefu mara 2 ao 3, kisha akohoe kutoka chini ya kifua. Kinachotakiwa ni kitu kizito, chenye kunata, mililita 3 mpaka 5, si povu. Makohozi ya asubuhi, mbele ya kula, ndiyo mazuri zaidi. Kikopo kifungwe sana, jina liandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko, na kisiachwe kwenye jua.

Na anayempokea mgonjwa, kazi yake ni kumweleza hayo mbele ya kumupa kikopo, na kuangalia ndani kikirudi. Kama ni mate, aombe ingine.

Mwisho, "hakuna" haimaanishi kila mara kwamba mtu ni mzima. Watoto na wenye kuishi na virusi vya UKIMWI mara nyingi wana mikrobu kidogo mu makohozi. Mashine ya GeneXpert inaona hata mikrobu kidogo sana. Lakini nayo inahitaji makohozi ya kweli. Kikohozi kikiendelea, mtu arudi, aombe kipimo kingine.