Kisahani Kinachotuonyesha Dawa

Leo tuangalie historia ya kipimo ambacho wengi wetu hatujakizoea: kupima kama dawa inaweza kuua kiini au la.

Zamani homa ya matumbo, yaani taifodi, haikuwa na dawa. Mwaka 1948 madaktari waliona kwamba kloramfenikoli inaitibu. Lakini viini navyo huzoea dawa. Mwaka 1972 nchi ya Mexico ilipata mlipuko mkubwa wa taifodi isiyosikia dawa hiyo.

Je, daktari atajuaje? Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, walikuwa wameeleza utaratibu mwaka 1966, nao unatumika hadi leo. Viini kutoka kwa damu au choo cha mgonjwa huoteshwa, kisha hupakwa kwenye kisahani chenye chakula chao. Juu yake huwekwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake, dawa inayofaa huwa imezungukwa na duara tupu, na duara hilo hupimwa kwa rula. Viini vikiota hadi kwenye karatasi, dawa hiyo haitamsaidia mtoto.

Kwetu Kenya, mwaka 2004 Samuel Kariuki wa KEMRI na wenzake walichapisha matokeo ya viini 102 vya taifodi kutoka sehemu 3 za nchi. Asilimia 82.4 vilikuwa sugu kwa dawa 5 za kawaida, zikiwemo ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrin. Mama aliyenunua dawa hizo kwenye kemisti alipoteza pesa na siku, na taifodi ikicheleweshwa huweza kutoboa utumbo.

Kumbuka, kipimo cha haraka cha Widal hakionyeshi dawa itakayofanya kazi. Mtoto akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya mapema. Asipopata nafuu, rudi, uulize kama viini vinaweza kuoteshwa, na sampuli itolewe kabla ya dawa mpya ikiwezekana. Majibu huchukua siku kadhaa. Aliye mgonjwa sana huanzishiwa matibabu akisubiri. Maliza dozi jinsi ulivyoelekezwa, wala usimgawie jirani.

Chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni. Julai 2025 Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya taifodi; uliza kliniki kuhusu wako.