Barua za Cairo na Maji ya Ziwa Victoria

Tarehe 7 Mei 1929, Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, alibadilishana barua na Lord Lloyd, mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo. Walikubaliana kwamba bila ridhaa ya Misri hakuna mradi wa umwagiliaji wala wa umeme utakaojengwa kwenye Mto Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza, ikiwa mradi huo utapunguza maji ya Misri au kuyachelewesha. Msukuma, Mjaluo, Mganda, hakuna aliyeulizwa. Uingereza ilijali pamba ya Misri iliyolisha viwanda vya Lancashire, na Mfereji wa Suez, njia yake ya kwenda India.

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, Misri iliweka wahandisi wake Jinja, Uganda, kusimamia maji yanayotoka Ziwa Victoria. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana mto wote: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Ethiopia, ambako hutoka takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, haikutengewa hata tone.

Tanganyika ilikataa mapema. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere alilieleza Bunge kuwa nchi huru hairithi tu mikataba ya mkoloni. Itaipima kwanza, kisha iamue. Tarehe 4 Julai 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, serikali ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika.

Hata hivyo, kukataa kwenye karatasi hakujazi ndoo. Kwa zaidi ya miaka arobaini, Shinyanga na Kahama ziliendelea kutegemea malambo na visima vinavyokauka kiangazi, ilhali ziwa halikuwa mbali. Tanzania ilipoanza kulaza bomba kutoka Ihelele, Mwanza, Misri ililalamika. Bomba likajengwa, na mwaka 2009 Rais Kikwete akauzindua mradi huo. Kwangu mimi, hapo ndipo barua ya 1962 ilipotimia.

Misri haina mto mwingine, na mvua yake ni haba mno. Hofu yake ni ya kweli na inastahili kusikilizwa. Lakini shida ya jirani wa chini haimpi haki ya kumfungia kisima jirani wa juu.

Mkataba mpya wa nchi za Bonde la Nile, wa matumizi ya haki kwa wote, ulifunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan hazimo.