Ugumu wa Moyo si Subira



Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuwa mwanamume halii, na kwamba baba anayewachekea watoto hujishushia heshima. Tuitazame historia.

Al-Aqra' bin Habis, mmoja wa wakubwa wa Banu Tamim, alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hassan (r.a.). Akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa asiyehurumia hatahurumiwa.

Mwaka wa 10 Hijria, Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), alifariki Madina kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi. Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipostaajabu, aliambiwa kuwa hiyo ni rehema. Alilia, lakini hakutamka neno la kumchukiza Mola wake. Hiyo ndiyo subira.

Basi sisi akina baba na walimu wa madrasa tujihesabu. Mtoto anayetuogopa hatatuletea shida zake, atazipeleka kwingine. Tukirudi nyumbani jioni hii, tuanze kwa kuwakumbatia.

Allah atulainishie nyoyo. Amin.