Nafasi za watafiti wazamivu katika tiba na akili mnemba
KATA ya Mahongole, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, ipo mkoani Njombe, mkoa unaoongoza nchini kwa maambukizi ya Virusi vya Ukimwi: asilimia 12.7 ya watu wazima, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023.

Wenye virusi hivyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu. Machi 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliridhia programu za akili mnemba zisome, badala ya daktari, eksirei za kifua za wenye miaka 15 na kuendelea. Tatizo ni kwamba mapafu ya mwenye Virusi vya Ukimwi mara nyingi hayaonyeshi alama zilizozoeleka, hivyo programu iliyofunzwa kwa picha za kwingine yaweza kumkosa mgonjwa.

Kuirekebisha kwa takwimu za hapa ni kazi ya mtafiti aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu. Katika mkoa jirani wa Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), chenye uzoefu wa magonjwa hayo mawili. Taasisi ya Afya Ifakara nayo, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, imetumia teknolojia hiyo kukadiria umri wa mbu. Nafasi za ngazi hiyo kwa kawaida ni za mkataba wa miaka michache, na ruzuku ikikoma nazo hukoma.