Mkono wa kushoto hulegea kwanza

Ukiikuta baiskeli imeegeshwa mnadani Katesh na unataka kujua ni ya zama zipi, usihangaike na rangi wala jina lililoandikwa kwenye fremu. Rangi hupakwa upya, na majina siku hizi hubandikwa tu. Inama utazame pale mkono wa pedeli unapoungana na ekseli. Ukiona pini ya chuma imepita kwa kukingama, na nati ndogo upande wa pili, hiyo ni ya ukoo wa Raleigh, Phoenix, Hero na Avon. Ukiona kifuniko cha plastiki, au tundu tupu lililoachwa na kifuniko, maana vile havikai, hiyo ni baiskeli ya gia. Mimi nimetengeneza za koo zote mbili, kwanza Dongobesh nikiwa kijana, kisha hapa Katesh. Nikiulizwa historia ya ufundi wetu naanzia kwenye tundu hilo, kwa sababu hapo ndipo fundi baiskeli wa Mbulu na Hanang alipopatia heshima yake, na hapo hapo ndipo alipoipoteza.

Nilipoanza kazi tulikuwa bado Mkoa wa Arusha. Manyara imezaliwa 2002. Hanang ilikuwa imekwisha kukatwa kutoka Mbulu tangu 1969, lakini kwa fundi mpaka huo haukuwa na maana yoyote: spea za wilaya zote mbili zilitoka Arusha mjini na kupitia Babati. Mjomba wangu alikuwa na kibaraza Dongobesh, kwenye njia inayotoka Mbulu kwenda Haydom, na njia hiyo ndiyo iliyomlisha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa 1955, ikaja na watu wa mshahara: wauguzi, wahudumu, makarani. Ongeza walimu, makatekista, mabwana shamba na makatibu kata. Hao ndio waliokuwa na baiskeli. Mkulima wa kawaida alikuwa na punda, na kwa milima yetu sithubutu kusema alikosea.

Watu wa tambarare hudhani baiskeli ni ya kupandia. Kwetu baiskeli hupanda kilima kwa kusukumwa, na hushuka na mwenyewe juu yake. Mtu anatoka Kainam alfajiri kuteremka Mbulu mjini. Amesimama juu ya pedeli, mikono yote miwili imelala usawa, gunia limefungwa kwenye keria, na kila jiwe la njiani linaupigisha uzito wote huo kwenye ekseli. Ishike picha hiyo, tutaihitaji mbele.

Baiskeli ziliongezeka miaka ya 1970. Operesheni Vijiji ilikusanya watu mahali pamoja, na wengi waliachwa na mashamba yaliyo mbali na nyumba mpya. Wakati huo huo bidhaa za China zilijaa madukani, na sababu yake ilikuwa reli: katika mkataba wa TAZARA, gharama za ujenzi za ndani ya nchi zililipwa kwa fedha za kuuzia bidhaa hizo. Katika zama hizo Phoenix ya Shanghai ikaja kusimama bega kwa bega na Raleigh ya Nottingham, nyeusi kwa nyeusi, zikifanana hata kwa namna ya kuharibika.

Zote mbili zilikuwa na kotapini. Ni kipande cha chuma chenye unene wa milimita 9.5, upande mmoja umechongwa mshazari uwe kabari. Kabari hiyo hukaa kati ya mkono wa pedeli na bapa lililokatwa kwenye ekseli. Anayeanza kazi huichomeka kwa kidole, halafu huivuta kwa kukaza nati, na meno ya nati yanakwisha kabla pini haijakaa. Mjomba alikuwa haichoki sentensi moja: nati haikazi, nati inalinda. Alisimika kipande cha bomba nene ardhini, akaulaza mkono wa pedeli juu yake ili nyundo isiumize gololi, akapiga mapigo machache mazito. Kisha aliipanda baiskeli ya mteja mwenyewe, akaenda hadi kanisani na kurudi, akapiga tena, ndipo akakaza nati. Mteja mgeni alidhani fundi anajitembeza kwa mali ya mtu. Kumbe safari ile fupi ndiyo iliyoikalisha pini, na aliyeiruka alirudishiwa baiskeli baada ya siku mbili.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wanafunzi walipigiwa sana kelele. Pini mbili lazima zipingane, moja nati yake juu na nyingine chini mikono ikiwa imelala. Zikielekea upande mmoja, mikono hainyooki, mguu mmoja unautangulia mwenzake, na mpandaji anachechemea ilhali amekaa.

Ubora wa mpango ule ulikuwa huu: pini iliumbwa laini kuliko ekseli. Kilichotakiwa kufa ni pini, kitu cha bei ndogo kuliko vyote pale. Mkono ukianza kutoa ule mlio wa tak, tak kila mzunguko, hukupoteza mkono wala ekseli. Ulipoteza kotapini na robo saa.

Hadi kotapini zilipoadimika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na spea za baiskeli si kitu ambacho mtu wa mipango angekitanguliza mbele ya mafuta na dawa. Ndipo mafundi walipojifunza kweli. Zilikuja pini za milimita 9 tukazitia kwenye tundu la 9.5 kwa kuzungushia bati. Tulikata misumari mikubwa, ikapinda kwa kilima cha kwanza. Tulitafuta bolti za majembe ya kukokotwa na za mashine chakavu, maana nyanda za Hanang tayari zilikuwa nchi ya ngano na matrekta; ule mradi wa NAFCO uliosaidiwa na Kanada ulifikia mashamba saba, ekari zipatazo 100,000. Bolti ya mashine ni ngumu. Ukiikata na kuichonga kwa tupa hadi iwe kabari, inashika vizuri mno, na baada ya miezi kadhaa inakuwa imeila ekseli. Mpango wote umegeuzwa: cha kufa kimekuwa kile cha ghali.

Waliotuokoa ni wahunzi wa Kidatoga, ukoo wa Gidang'odiga. Hao ni watu wa chuma tangu zamani. Hawaoani na koo nyingine za Kidatoga, na kazi yao ni mikuki, bangili, na vile vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe wa Bonde la Yaeda huvitumia kuwindia. Mhunzi anayegeuza msumari kuwa mshale kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi anajua chuma kipi ni laini na kipi kigumu bila kuambiwa, na anajua kukiacha kipoe taratibu katika majivu kikitakiwa kulainika. Bolti ngumu tuliyompelekea ilirudi laini, ikachongeka kwa tupa bila kilio. Sijaona kitabu cha viwanda vya Tanzania kinachoutaja ushirikiano huo, lakini baiskeli za wauguzi zilitembea kwa ajili yake.

Mwaka 1983 ilikuja vita ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Nchi nzima watu walificha au kutupa bidhaa kwa hofu ya kukutwa nazo. Mwenye duka aliyekuwa na boksi la kotapini aliligeuka boksi lake, asijue ni biashara au ni ushahidi. Mwaka uliofuata bajeti iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mali, Mzee Mwinyi akaingia 1985, na kufikia mwisho wa muongo kotapini za India ziliuzwa kwa fungu kama bamia. Ujuzi wetu wa kuchonga ukakosa soko kwa msimu mmoja. Hakuna aliyelia.

Baiskeli ya gia ilifika baadaye, kwanza ya mtumba, kisha mpya za bei rahisi zilizokuja ndani ya maboksi. Vijana waliipenda kwa haki. Ina tairi pana, breki za waya, na gia ndogo ambayo kwa mara ya kwanza ilimwezesha mtu kupanda vilima vya Bashay akiwa amekaa kitini. Asili yake nimeisoma na nikacheka: vijana wa Marin, California, miaka ya 1970, walipandisha baiskeli kuukuu kwenye Mlima Tamalpais kwa gari, wakashuka nazo. Wairaqw wenzetu hao, isipokuwa wao walikuwa na gari. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, na baiskeli ya milimani ikawa bidhaa ya kiwanda.

Ila namna yake ya kushika mkono wa pedeli ni ya zamani zaidi. Kampuni ya Stronglight ya Ufaransa iliitoa 1933: ekseli ina ncha ya pembe nne inayopungua kuelekea nje, mkono una tundu la pembe nne, na bolti inausukuma mkono upande juu ya ncha hadi ubane. Hakuna pini. Ni kabari vilevile, lakini sasa kabari ni ekseli yenyewe, chuma kigumu, na kinachobanwa ni mkono, ambao mara nyingi ni wa aluminiamu. Mtu akiuendesha umelegea, hata kwa safari ya kutoka Endasak hadi Katesh, ile ncha inalizungusha tundu hadi pembe zake zinakuwa duara. Ukishafika hapo, kaza utakavyo. Utakaza leo, kesho utalegea tena, kwa sababu tundu si tundu lile.

Na unaolegea ni wa kushoto. Wateja huniambia ni pedeli inajifungua, wanachanganya. Pedeli ya kushoto ina meno ya kinyume tangu zamani. Ndugu Wright, hao hao wa ndege, walikuwa mafundi baiskeli na walizitangaza zao 1900. Bolti ya mkono ni jambo jingine: kulia na kushoto zote hukazwa kwa kuelekea kulia. Sababu iko kwingine. Mguu wa kulia unausukuma mkono ulioshikana na gia, nguvu inaingia kwenye mnyororo moja kwa moja. Nguvu ya mguu wa kushoto haina njia ila kupita kwenye ile ncha ya pembe nne na kuvuka ekseli nzima. Sasa mrudishe yule mtu wetu wa Kainam aliyesimama juu ya pedeli akiteremka. Akipanda, mkono wa kushoto unasokotwa upande mmoja. Akisimama hivyo, unasokotwa upande wa pili. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila jiwe. Watu wa tambarare wanakanyaga tu. Sisi tunakanyaga na kusimama, na baiskeli zetu hulegea mapema.

Dawa ipo na haina ufundi mkubwa. Spana namba 14 yenye urefu wa sentimita 20, iweke ilale, tundika ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha yake: huo ndio ukazaji unaotakiwa. Fanya hivyo siku baiskeli inaponunuliwa, rudia baada ya safari chache za mwanzo. Kuhusu kupaka grisi kwenye ncha kabla ya kuuvisha mkono, mafundi wanagombana dunia nzima. Mimi napaka kidogo sana, na sibishani na asiyepaka. Nabishana na anayeacha mchanga.

Muuzaji hafanyi hata hilo la ndoo. Anaifungua baiskeli kwenye boksi, anaunganisha haraka wateja wakisubiri, anakaza kwa mkono wa kuagana. Mnunuzi naye hawezi kumlipa fundi kwa baiskeli mpya isiyo na ubovu, na siwezi kumlaumu. Hata mimi nisingelipa. Hapo ndipo kazi yetu ilipobadilika. Zama za kotapini tulilipwa kwa kutibu, na ugonjwa ulitibika. Zama za gia kinachofaa ni onyo, na onyo halina bei. Akija ameshaumwa, hakuna tiba ila kununua mkono mpya.

Basi watu hubuni. Wapo wanaokata kopo la soda na kuvisha bati lake kwenye ncha. Linashika hadi mnada unaofuata. Wapo wanaoupiga mkono nyundo ya kotapini, nyundo nzuri mahali pabaya, gololi zikavunjika ndani. Asiye na kifaa cha kuvutia mkono hulegeza bolti, akamwambia mtoto azunguke nayo uwanjani hadi mkono udondoke wenyewe. Njia hiyo inafanya kazi, na inauharibu kabisa. Kwa mikono ya chuma kuna kuchomelea: mkono na ekseli vinakuwa kitu kimoja. Haulegei tena, lakini gololi za ndani hazifikiki tena, na zikikauka grisi ni kukata yote kwa msumeno.

Tangu pikipiki za China zilipoenea, vijana ambao wangekaa nami kujifunza wako kwenye bodaboda au wanafungua injini. Zinazoletwa kibarazani sasa ni za wanafunzi wa sekondari, na za wakulima wa vitunguu swaumu wanaoniletea kutoka upande wa Mbulu wakishuka mnadani. Kotapini bado nauza. Ukoo wa Phoenix haujafa na nadhani utanizika. Spana namba 14 nimeifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibaraza, anayepita akaze mwenyewe bila kunilipa. Walimu huwaleta watoto kwa mkupuo shule zikifunguliwa. Anayekuja mkono wake umeshaanza kucheza namwambia bei ya mkono mpya, namwonyesha na mchomeleaji alipo, ng'ambo ya barabara, achague.