Kidung'ata alivyosafiri ndani ya mbegu ya muhogo

Ndugu mkulima, msimu ukikaribia kila mtu anatafuta mbegu ya muhogo. Fungu linashushwa kwenye pikipiki, unalipa, na jioni hiyohiyo pingili ziko ardhini. Kabla hujafanya hivyo mwaka huu, soma habari hii.

Muhogo ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Wadudu wake wengi walibaki kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mmoja akaufuata. Pande za Kinshasa na Brazzaville, ncha za mihogo zilianza kujikunja, majani yakasongamana kama ngumi, na chini yake pakaonekana kitu kama unga mweupe. Huyo ni kidung'ata. Wote ni majike na huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu aliyejificha kwenye jicho la pingili anatosha kuanzisha ukoo mzima. Alisambaa kwa upepo na kwa mbegu zilizobebwa na watu, nchi baada ya nchi. Alipozidi, hasara ya mizizi ilifika asilimia 80, na hata kisamvu hakikuchumika.

Watafiti walikwenda kaskazini mwa Amerika ya Kusini kumtafutia adui. Wakapata kidung'ata anayefanana naye sana, lakini maadui wa huyo hawakuzaliana kwa kidung'ata wa Afrika. Kumbe walikuwa wadudu wawili tofauti: wa kule ana madume, wa kwetu hana. Ukikosea kumtambua mdudu, hata dawa utakosea.

Mwaka 1981 Anthony Bellotti, wa kituo cha utafiti cha CIAT, alimkuta kidung'ata mwenyewe Paraguay. Huko akapatikana pia nyigu mdogo asiyefika milimita 2, anayetaga yai ndani ya kidung'ata. Funza wake humla kutoka ndani. Nyigu hao hawakuletwa shambani moja kwa moja. Walipitia karantini Uingereza kwanza, ndipo wakafika taasisi ya IITA, Ibadan, Nigeria. Hans Herren na wenzake wakaanza kuwaachia mwaka huohuo, kisha katika nchi nyingi zinazolima muhogo. Kidung'ata akapungua bila mkulima kununua dawa. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Tazama sasa: mharibifu aliingia bila kukaguliwa, ila nyigu aliyekuja kutuokoa ndiye aliyekaguliwa. Wewe usirudie kosa hilo.

- Nenda ukaone shamba mbegu inakotoka, mihogo ikiwa bado na majani. Ncha zilizosongamana au unga mweupe, usinunue.
- Kagua kila jicho la pingili.
- Changanya ndoo moja ya maji yanayochemka na ndoo moja ya maji baridi, tumbukiza pingili dakika 5 hadi 10, kisha panda mara moja. Maji haya hayaponyi batobato wala michirizi ya kahawia. Mbegu ya shamba lenye magonjwa hayo iache kabisa.
- Ukiona vidung'ata shambani usikimbilie kupulizia dawa, utaua nyigu pia. Funga ncha moja kwenye mfuko, umpelekee afisa ugani aitambue.

Nawe muuza mbegu, mwonyeshe mteja shamba ulikokata. Akivuna vizuri, mwakani atarudi kwako.