Round Britain Quiz: mafumbo ya redioni tangu 1947

Round Britain Quiz ni chemshabongo ya BBC iliyoanza kurushwa hewani mwaka 1947 na ambayo hadi leo inasikika Radio 4. Katika redio ya Uingereza hakuna chemshabongo inayoendelea iliyoizidi umri. Wanaoshindana ni watu wawili dhidi ya wawili, na wanachotegewa ni fumbo lenye vipande vitatu au vinne ambavyo, ukivisikia mara ya kwanza, utaapa kwamba havina undugu wowote. Kazi ya timu ni kuupata undugu huo.

Chimbuko lake ni vita. Mwaka 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza yakiwa yanapigana upande mmoja, kulikuwa na kipindi kilichoitwa Transatlantic Quiz: timu moja iko London, nyingine iko New York, sauti zao zinakutana hewani juu ya Atlantiki. Aliyeuliza maswali London alikuwa Lionel Hale. New York alikuwapo Alistair Cooke, ambaye baadaye barua zake za redioni kutoka Marekani zilidumu toka 1946 hadi 2004. Kwenye timu ya London waliwahi kuketi Denis Brogan, profesa wa Cambridge aliyeijua siasa ya Marekani kwa undani, na mwigizaji wa filamu David Niven, aliyekuwa ofisa wa jeshi wakati huo. Vita vikaisha, na wazo lile likahamia nchi kavu: London ikaacha kushindana na New York, ikaanza kupambana na sehemu nyingine za Uingereza yenyewe. Hale aliendelea kuuliza maswali, safari hii pamoja na Gilbert Harding.

Namna fumbo linavyofumuliwa inaonekana vizuri kwa mfano uliotungwa kwa mtindo wa kipindi hicho. Kwa nini dereva angesimama mbele ya mtu aliyefukuzwa Iceland akaenda kukaa Greenland, mbele ya sayari ya nne kutoka kwenye jua, na mbele ya wapiganaji waliotua Sicily na Garibaldi mwaka 1860? Mmoja anawakumbuka wafuasi wa Garibaldi na mashati yao. Mwenzake anaitaja Mirihi. Kimya kidogo, kisha: mashati yale yalikuwa mekundu, Mirihi ni sayari nyekundu, na yule mtu wa Iceland ni Erik Mwekundu. Dereva amesimama kwa sababu taa ni nyekundu.

Jibu zima lina alama 6. Mwendeshaji haharakishi mtu. Timu ikikwama hutoa dokezo, na kila anapodokeza anapunguza alama. Aliyekulia kwenye vitendawili ataitambua desturi hii: anayeshindwa hutoa mji ndipo apewe jibu. Tofauti ni kwamba hapa mji hulipwa kidogo kidogo, na safari ya kulifikia jibu ina thamani kama jibu lenyewe. Ndiyo maana kipindi kimeifaa redio kuliko michezo mingi ya maswali. Msikilizaji anasikia fikra zikitembea: kusitasita, kubahatisha, kukosoana kwa upole, halafu ile sauti ya mtu aliyegundua jambo ghafla. Hakuna picha inayohitajika.

Kwa miaka mingi London ilikuwa na timu ya kudumu. Mojawapo ya jozi zilizokumbukwa sana ni ya Irene Thomas na John Julius Norwich. Norwich alikuwa mwanahistoria wa Venice na Bizanti, mwana wa ukoo mkubwa. Thomas alikuwa mwimbaji wa kwaya ya opera aliyejisomea mwenyewe, akashinda chemshabongo nyingine ya redio, Brain of Britain, mwaka 1961. Kwenye meza ile elimu ya vyuo vikuu haikuwa sharti. Kilichotakiwa ni kumbukumbu pana na akili isiyoogopa kuruka kutoka muziki hadi jiografia.

Kiti cha mwendeshaji kilipita mikononi mwa watu kadhaa, wakiwamo waandishi wa habari Gordon Clough, aliyefariki 1996, na Nick Clarke, aliyefariki 2006. Akafuata Tom Sutcliffe, na baada yake Kirsty Lang. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilianzisha Only Connect, mchezo wa kutafuta viungo wa ukoo uleule, ambao timu zake zina watu watatu na unakwenda kwa saa.

Siku hizi ile nafasi ya London haipo tena. Timu ni sita: Scotland, Wales, Ireland ya Kaskazini, na tatu za England: ya kusini, ya kati na ya kaskazini. Kila msimu zinakutana kwa zamu na alama zinajumlishwa kama kwenye ligi. Baadhi ya mafumbo hutumwa na wasikilizaji wenyewe, ambao wiki ya fumbo lao huketi karibu na redio wakisubiri kusikia kama timu itakwama.